Risasi, zebaki, aseniki na kadimi: mwongozo kamili wa kumkinga mtoto na metali zenye sumu katika maji na chakula

Maji yenye risasi yanaweza kuwa maangavu kabisa, bila harufu wala ladha. Wali uliobeba aseniki hunukia kama wali mwingine wowote. Mzazi hawezi kuzitambua sumu hizi kwa jicho wala kwa ulimi, kwa hiyo lazima ajue zinapita wapi, kisha azibe njia hizo moja baada ya nyingine, akianza na ile inayoingiza kiasi kikubwa zaidi kila siku.

Kabla ya yote shika hili: kuchemsha hakuondoi metali. Kunaua vijidudu, na kwa hilo endelea kuchemsha. Lakini maji yanapogeuka mvuke, risasi na aseniki hubaki ndani ya sufuria. Lita 2 zenye mikrogramu 10 za risasi kwa lita (mikrogramu ni sehemu ya milioni ya gramu) zikichemka mpaka zikabaki lita 1.5, sasa zina zaidi ya mikrogramu 13 kwa lita. Kwa uji wa mtoto au maziwa ya kopo, acha maji yachemke barabara kwa muda mfupi, epua, funika. Usiyarudishe jikoni mara tatu kwa siku.

Kwa nini mtoto huumia zaidi

Mtoto mdogo akimeza kiasi kilekile cha risasi alichomeza mtu mzima, mwili wake hunyonya mara 4 hadi 5 zaidi. Tena kwa kila kilo ya uzito wake anakula na kunywa zaidi kuliko wewe, na ubongo wake bado unajengwa. Akiwa na upungufu wa madini chuma au kalsiamu, hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu utumbo wenye uhaba wa madini hayo huongeza juhudi za kunyonya na hapo hunyonya risasi na kadimi (cadmium) pia. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama.

Risasi huharibu ubongo na damu, kisha hujificha mifupani kwa miaka. Zebaki hufika kwa watoto wetu kupitia samaki wakubwa na uchenjuaji wa dhahabu, na hushambulia mishipa ya fahamu. Aseniki (kisayansi si metali kamili, ila huhesabiwa humu) hutoka kwenye visima na mchele, na ikizoeleka kwa miaka huleta madoa na ugumu wa ngozi, kisha saratani. Kadimi hukaa kwenye figo.

Viwango vya mwongozo vya WHO kwa maji ya kunywa ni hivi, kwa kila lita: risasi mikrogramu 10, aseniki 10, kadimi 3, zebaki 6. Ni kiasi kidogo mno. Gramu moja ya risasi inatosha kufikisha maboza 10 ya maji, kila moja la lita 10,000, kwenye kikomo hicho.

Hatua ya 1: Daftari la siku saba

Usikimbilie kununua chujio. Kwa siku saba andika kila kinachoingia mdomoni mwa mtoto: maji yametoka wapi, yamehifadhiwa kwenye nini, chakula kimepikwa kwenye sufuria gani, kimetiwa kiungo gani cha unga, amekula wapi. Andika na vile ambavyo havikukusudiwa kuliwa: udongo, rangi ya ukutani inayobanduka, wanja uliopakwa machoni kisha akajifuta na kulamba vidole.

Baada ya wiki, weka alama kwenye vitu vinavyojirudia kila siku. Maji, uji na sufuria ya nyumbani vitakuwa juu. Papa wa kuliwa mara moja kwa mwezi ana zebaki, ndiyo, lakini si wa kuanza naye.

Hatua ya 2: Maji

*Kupima.* Kalamu ya TDS inayouzwa madukani na mitandaoni haipimi risasi. Inapima jumla ya chumvi zilizoyeyuka, na inahesabu kwa miligramu nzima kwa lita. Kikomo cha risasi ni sehemu ya mia ya miligramu moja. Maji yanaweza kusoma 60 kwenye kalamu, muuzaji akayasifu, na bado yakawa na risasi mara tano ya kikomo. Maji ya kisima yanayosoma 900 yanaweza yasiwe na risasi hata kidogo.

Kipimo cha kuaminika ni cha maabara. Tanzania kuna Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali na maabara za ubora wa maji za Wizara ya Maji. Kenya kuna Mkemia Mkuu wa Serikali na maabara binafsi zilizoidhinishwa. Kabla ya kulipa, uliza swali moja: kiwango cha chini kabisa ambacho mashine yenu inaweza kukiona ni kipi? Kwa risasi na aseniki inatakiwa ione mikrogramu 1 au 2 kwa lita. Ukirudishiwa jibu la "chini ya 50", umelipia karatasi tu.

Namna ya kuchukua sampuli ya bomba la nyumbani:

1. Pata chupa kutoka maabara yenyewe. Zimeoshwa kwa asidi, na nyingine huwa na tone la asidi ya nitriki ndani ili metali isigande kwenye kuta za chupa. Usiisuuze, usiimwage. Chupa ya soda haifai.
2. Usiku usifungue bomba lolote la nyumba kwa angalau saa 6.
3. Asubuhi, kabla ya yeyote kunawa, weka chupa chini ya bomba la jikoni na ukinge maji ya kwanza kabisa, lita 1. Usifungue kichujio kidogo cha mdomo wa koki.
4. Acha maji yatiririke dakika 5, kisha kinga chupa ya pili.
5. Andika saa, mahali na namba kwenye kila chupa, uzipeleke maabara siku hiyohiyo ukiweza.

Majibu hayo mawili husomwa pamoja. Sampuli ya kwanza ikiwa na risasi nyingi na ya pili ikiwa safi, tatizo liko kwenye koki au bomba la ndani. Zote mbili zikiwa juu, chanzo ni mbali zaidi: bomba la kutoka mtaani, tangi, au kisima chenyewe.

*Koki na mabomba.* Koki zinazong'aa kama fedha kwa nje, nyingi ni shaba nyeupe ndani, na shaba hiyo mara nyingi huchanganywa na risasi ili ikatike kirahisi kiwandani. Koki mpya humwaga risasi zaidi miezi yake ya mwanzo. Mabomba ya zamani ya chuma yaliyopakwa zinki yanaweza kuachia risasi na kadimi, na baadhi ya mabomba ya PVC yalitengenezwa kwa kiimarishi chenye risasi. Nyumba ikishabainika kuwa na tatizo, badilisha kwanza koki ya jikoni. Ni kitu cha bei nafuu kuliko vyote, na mara nyingi hilo peke yake hutosha.

Huku ukisubiri majibu, mwaga maji yaliyolala bombani. Bomba la nusu inchi hubeba takriban lita 0.15 hadi 0.2 kwa kila mita. Kama kutoka kwenye tangi la juu hadi jikoni ni mita 20, ndani mna lita 3 hadi 4. Kinga ndoo ya kwanza ya lita 5 asubuhi, itumie kupigia deki au chooni, ndipo ukinge ya kunywa. Wanaoambiwa "acha maji yamwagike dakika tano" kwenye nyumba yenye mgawo wa maji huacha siku ya pili. Ndoo moja wanaiweza. Usipikie maji ya moto ya bomba. Hita na joto huongeza kasi ya metali kuyeyuka.

*Kisima.* Aseniki hutoka kwenye miamba yenyewe, na maeneo yenye dhahabu ndiyo ya kutiliwa shaka kwanza. Tafiti za maji katika eneo la Geita na ukanda wa kusini wa Ziwa Victoria zimekuta visima na chemchemi zilizovuka kikomo cha mikrogramu 10. Visima viwili vilivyopishana mita chache vinaweza kutofautiana kabisa, kwa hiyo majibu ya kisima cha jirani si majibu ya chako. Lakini hapo pia pana nafuu: kisima salama kinaweza kuwa jirani. Kikipatikana, chota huko maji ya kunywa na kupikia tu, ukianzia lita 5 kwa kila mtu kwa siku. Maji yenye aseniki kidogo yanaweza kuendelea kufulia na kuogea, maana ngozi hupitisha aseniki kidogo sana. Mwangalie tu mtoto asinywe ya beseni.

Pima wakati wa kiangazi na baada ya masika. Na ikiwa kisima kina pampu ya mkono, pima risasi pia: vipuri vya shaba vya pampu hizo vimewahi kukutwa vikiachia risasi katika nchi za Afrika Magharibi.

*Maji ya mvua.* Mawinguni hayana risasi. Huipata kwenye bati lililopakwa rangi ya zamani, kwenye vumbi la barabara na, kwa wanaoishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri, kwenye moshi uliotua juu ya paa. Mvua ya kwanza ioshe paa. Kanuni nyepesi ni kumwaga milimita 1 ya mwanzo: paa la mita za mraba 40 hutoa lita 40 za kumwagwa kila mvua inapoanza baada ya siku kavu. Funga bomba la kusimama la inchi 4 kabla ya tangi, lenye kizibo chini chenye tundu dogo la kujikamulia. Bomba la inchi 4 hubeba karibu lita 8 kwa mita, kwa hiyo mita 2 peke yake hazitoshi paa hilo. Unganisha na pipa. Tope la chini ya tangi ndiko metali zinakolala. Toa maji sentimita 10 juu ya sakafu ya tangi, na lisafishe kila mwaka.

*Chujio.* Klorini haiondoi metali. Chujio za mishumaa ya udongo na za mchanga huzuia vijidudu na uchafu, lakini risasi na aseniki zilizoyeyuka hupita. Shabu na mbegu za mlonge hutuliza tope. Usizitegemee kwa metali. Mkaa wa mifupa unaotumika Arusha na Kilimanjaro ni kwa ajili ya floraidi, usidhani umekumalizia na tatizo la aseniki.

Kinachofanya kazi ni mashine ya osmosisi (RO), inayosukuma maji yapite kwenye utando mwembamba sana. Huondoa sehemu kubwa ya risasi, kadimi, aseniki na floraidi. Kasoro zake zisemwe wazi. Inamwaga lita 2 hadi 4 kwa kila lita 1 safi. Inahitaji msukumo wa maji. Na aseniki ya visima virefu visivyo na hewa huwa katika hali ambayo utando huikamata kwa shida, hivyo maji hayo yatiwe klorini kwanza ili ibadilike, kisha yapite kwenye mkaa wa kuondoa klorini kabla ya utando, maana klorini huutoboa. Vichujio vya mwanzo badilisha kila miezi 6 hadi 12, utando kila miaka 2 au 3. Chujio za mkaa peke yake zinafaa kwa risasi pale tu zilipothibitishwa kwa kiwango cha NSF/ANSI 53 (ni viwango vya Marekani vya chujio za maji) kwa risasi. Kwa osmosisi tafuta NSF/ANSI 58. Chujio lililopitisha muda wake ni baya kuliko kutokuwa nalo, kwa sababu linakupa amani isiyo na msingi.

*Vyombo vya kuhifadhia.* Dumu lililobeba rangi, dawa ya shamba au maji ya betri halioshwi likawa la kunywea. Hakuna sabuni ya kazi hiyo.

Hatua ya 3: Sufuria, vyungu na vikombe

Chanzo hiki husahaulika kuliko vyote, na kipo kwenye jiko kila siku. Sufuria zinazosubiwa mitaani hutengenezwa kwa vyuma chakavu vilivyoyeyushwa pamoja: injini, radiata, nyaya, makopo. Radiata za magari huunganishwa kwa lehemu yenye risasi, na fundi hana njia ya kuitenganisha. Vipimo vya vyombo vya namna hii katika nchi kadhaa za Afrika na Asia vimekuta vikiachia risasi ndani ya chakula. Kule King County, jimbo la Washington nchini Marekani, maofisa wa afya walipowapima watoto wa wakimbizi kutoka Afghanistan walikuta risasi, na walipofuatilia walifika kwenye sufuria za alumini walizotoka nazo kwao.

Ishika sufuria, igeuze mwangani. Ya kusubu huwa nene na nzito, ukuta wake una vinyweleo vidogo na alama za mchanga wa kalibu, masikio yamemwagwa pamoja na mwili wake, na haina nembo ya kiwanda. Ya kiwandani hukandamizwa kutoka bati moja; ni nyembamba, laini, na masikio yamepigwa ribiti.

Kama uwezo ni wa kununua chombo kimoja tu, nunua sufuria ndogo ya chuma cha pua ya lita 2 au 3 kwa ajili ya uji na chakula cha mtoto. Hilo lina faida kuliko kubadilisha jiko zima kidogokidogo. Kwa zile za kusubu ambazo bado zipo:

- Usipikie vitu vichachu au vya ugwadu: nyanya, ukwaju, ndimu, siki, togwa, mchuzi wa maembe mabichi. Asidi ndiyo inayokwangua metali.
- Usilaze chakula ndani yake. Pakua chote kwenye bakuli la kioo au chuma cha pua.
- Usiisugue kwa waya wa chuma mpaka ing'ae. Utando wa kijivu unaojijenga juu ya alumini ndio kinga kidogo uliyonayo.
- Usichemshie maji ya mtoto humo.

Chungu cha udongo kisichopakwa kitu ni bora kuliko bakuli la udongo lenye rangi ya kung'aa ambalo hujui limetoka wapi, kwa kuwa kioo cha juu cha vyombo hivyo mara nyingine hutengenezwa kwa risasi. Bakuli lenye unga mweupe unaobanduka, au mapambo yaliyopauka kwa kuoshwa, liwe pambo la ukutani.

Hatua ya 4: Chakula

*Mchele.* Mpunga hukua kwenye maji yaliyosimama, na udongo usio na hewa huachia aseniki ambayo mmea huinyonya kirahisi. Mtoto wa miezi 8 anayekula uji wa unga wa mchele asubuhi na ubwabwa jioni anaipata mara mbili kwa siku. Marekani iliweka mwaka 2020 kikomo cha mikrogramu 100 za aseniki isokaboni (aina yenye sumu zaidi) kwa kilo ya nafaka ya mchele ya watoto wachanga. Tiba ya jambo hili ni kubadilisha nafaka: mtama, ulezi, mahindi, ngano. Katika unga wa lishe mchele usizidi robo. Maziwa ya mchele si ya mtoto mdogo.

Upishi nao husaidia. Njia iliyopimwa katika Chuo Kikuu cha Sheffield mwaka 2020 iliondoa zaidi ya nusu ya aseniki ya mchele wa kahawia na karibu robo tatu ya ile ya mchele mweupe. Kwa wali wa nazi fanya hivi:

1. Osha mchele. Kuosha peke yake hupunguza kidogo tu.
2. Kwa kikombe 1 cha mchele chemsha vikombe 4 vya maji. Yakichemka, tia mchele, uache dakika 5.
3. Mwaga maji yote kwa chekeche.
4. Rudisha mchele, tia chumvi na kikombe 1½ cha tui. Njia ya asili hutumia vikombe 2 vya maji, lakini mchele umeshakunywa maji na tui likizidi wali hutoka bokoko. Funika, moto mdogo, palia mkaa juu kama kawaida.

Njia hii haina maana kama maji yenyewe yana aseniki. Mchele utaivuta kutoka kwenye sufuria.

*Mboga za majani.* Mchicha na matembele ya bondeni kwa Msimbazi, Dar es Salaam, yamepimwa mara nyingi na kukutwa na risasi na kadimi. Petroli yenye risasi iliondolewa Tanzania na Kenya kufikia 2006, lakini risasi haiozi. Iliyotua kando ya barabara ipo mpaka leo. Sehemu kubwa ya risasi kwenye majani ni vumbi na tope la juu, na hiyo huoshwa: beseni tatu za maji, ukitikisa majani moja moja kwenye la kwanza. Kadimi imo ndani ya jani. Hiyo haioshwi, inaepukwa kwa kujua shamba. Mizizi imenywe, usipike na maganda.

Ukitaka mboga ya kuaminika, panda kwenye gunia. Udongo wa kutoka mbali na barabara na karakana, samadi iliyooza vizuri, maji safi. Gunia moja la kilo 100 lenye matundu ubavuni hulisha nyumba mchicha na sukuma wiki kwa wiki nyingi.

*Viungo vya unga.* Manjano wakati mwingine hupakwa kromati ya risasi, rangi ya njano ya viwandani, ili yawe na rangi kali. Bangladesh ilipambana na hilo mpaka kwenye mizizi mizima iliyong'arishwa kwa rangi hiyo. Mwaka 2023 watoto wengi Marekani walikutwa na risasi kwa sababu ya rojo ya matofaa yenye mdalasini uliochafuliwa. Sisi tuna bahati: manjano mabichi na magome ya mdalasini yapo Zanzibar, Tanga na Morogoro. Nunua manjano mabichi, kata vipande, anika, twanga mwenyewe. Kipimo cha kutia unga kwenye glasi ya maji hakithibitishi chochote.

*Samaki.* Kuna wazazi wanaosikia neno zebaki wakaacha samaki kabisa. Hilo ni hasara, maana ubongo wa mtoto unawahitaji. Chagua wadogo na wasiokula wenzao: dagaa, vibua, tasi, changu wadogo, sato. Epuka papa, nduwaro, na jodari wakubwa. Kwa maji baridi, sangara mkubwa hubeba zaidi kuliko sato. Mtoto wa miaka 1 hadi 3 atosheke na kipande cha gramu 30 mara mbili kwa wiki, wa miaka 4 hadi 7 gramu 60. Zebaki imo kwenye nyama yenyewe. Kukaanga, kuchoma au kuondoa ngozi hakuipunguzi. Dagaa walioanikwa mchangani wapepete na kuwaosha mpaka maji yatoke bila mchanga.

*Udongo wa kula.* Udongo wa pemba, odowa, na vijiwe vinavyouzwa sokoni kwa wajawazito hubeba chochote kilichomo ardhini vilipochimbwa. Mamlaka ya Uingereza imewahi kuwaonya wajawazito kuhusu udongo wa aina hii kutoka Afrika Magharibi kwa ajili ya risasi na aseniki. Risasi ya mama huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni. Hamu ya udongo mara nyingi huambatana na upungufu wa damu. Nenda kliniki upime damu na uanze vidonge vya madini chuma, badala ya kugombana na hamu peke yako.

Kwa miezi sita ya mwanzo, maziwa ya mama peke yake. Aseniki ya maji hupita kidogo sana kwenye maziwa, hivyo hata mama anayeishi kwenye maji mabaya anamkinga mwanawe kwa kunyonyesha.

Kwa wanaoishi jirani na migodi na viwanda

Zamfara, Nigeria, mwaka 2010 watoto zaidi ya 400 walikufa kwa risasi baada ya mawe ya dhahabu kusagwa ndani ya makazi. Hilo litoshe kumfanya kila mchimbaji mwenye mtoto aweke mpaka kati ya mwalo (mahali pa kuchenjulia dhahabu) na nyumba. Jiwe lisisagwe wala kutwangwa uani, na kinu, karai au ungo uliogusa mawe au zebaki usirudi jikoni kamwe. Zebaki isichomwe ndani ya nyumba wala upande wa upepo unaoelekea kwenye nyumba, tumia retoti, chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke wa zebaki. Mchenjuaji aoge na kubadilisha nguo kabla hajambeba mtoto. Kisima kichimbwe juu ya mlima kuliko marudio (mabaki ya mawe yaliyokwisha kuchenjuliwa), na mboga zisimwagiliwe kwa maji ya bwawa la marudio.

Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwamwagia wakazi risasi kwenye hewa, udongo na maji. Mahakama ya Mombasa iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, baada ya watoto kuumia. Huko Katanga, nchini Kongo (DRC), jirani na migodi na viwanda vya shaba na kobalti, kobalti imekutwa kwa wingi kwenye mkojo wa wakazi. Katika maeneo kama haya vumbi ndilo linaloingia kwenye chakula: funika maji, pangusa sakafu kwa kitambaa kilicholowa badala ya kufagia kavu, viatu vibaki mlangoni, mikono ioshwe kabla ya kila mlo.

Hatua ya 5: Lisha ili mwili usipokee

Mtoto asikae na njaa. Tumbo tupu hunyonya risasi zaidi, kwa hiyo kifungua kinywa kabla ya kwenda kucheza ni kinga. Kalsiamu aipate kwenye maziwa, mtindi na dagaa wanaoliwa pamoja na miba yao. Madini chuma kwenye nyama, maini kidogo mara moja kwa wiki, maharage na choroko. Vitamini C kwenye pera, chungwa au embe katika mlo huohuo ili chuma kinyonywe. Chai ya rangi pamoja na chakula huzuia chuma. Isogeze mbele saa moja, au mtoto asipewe kabisa. Figo za mnyama zisiwe chakula cha kila wiki, kwa sababu humo ndimo kadimi hukusanyika.

Hatua ya 6: Kumpima mtoto

Usingoje dalili. Maumivu ya tumbo, kufunga choo, upungufu wa damu usioisha na ukali usioeleweka huja wakati risasi imeshapanda, na degedege huja ikiwa imepanda sana. Omba kipimo kama mtoto anaishi karibu na mwalo, karakana ya betri au kiwanda cha kuyeyusha chuma, kama anakula udongo, au kama maji yenu yamevuka kikomo.

Kipimo cha risasi ni cha damu ya mshipa. Ya kidole hutumika kuchuja, lakini vumbi la ngozi hulipandisha jibu, hivyo oshwe mikono kwa sabuni na jibu la juu lithibitishwe kwa damu ya mshipa. Aseniki hupimwa kwa mkojo, na mtoto asile samaki, kamba wala pweza kwa siku 4 kabla, maana wana aseniki ya aina isiyo na madhara inayovuruga hesabu.

WHO inaagiza kwamba risasi ikifika mikrogramu 5 kwa desilita, chanzo kitafutwe na kukatwa, na lishe irekebishwe. Dawa za kuvuta risasi mwilini hupendekezwa kwa mtoto kuanzia 45, na hutolewa hospitali. Dawa hizo zikitolewa huku mtoto akiendelea kunywa maji yaleyale, risasi hurudi. Mfamasia na daktari waangalie jina mara mbili: EDTA ya kalsiamu ndiyo dawa, EDTA ya sodiamu hushusha kalsiamu ya damu ghafla na imewahi kuua watoto. "Dawa za kusafisha sumu" za kienyeji na za mitandaoni ziache, baadhi yake zenyewe zimekutwa na risasi na zebaki.

Rudia kipimo baada ya mwezi 1 hadi 3. Risasi ya damuni hupungua nusu kwa takriban mwezi mmoja chanzo kikikatwa, ingawa kwa mtoto aliyeishi nayo kwa miaka hushuka polepole, kwa kuwa mifupa inaendelea kuirudisha. Isiposhuka kabisa, kuna chanzo bado hakijaonekana, na huenda hakipo nyumbani kwako. Chukua chupa mbili za maabara uzipeleke kwenye bomba la shule na kwa bibi anakoshinda baada ya masomo, ukaiangalie na sufuria anayopikiwa uji.